Kitabu Bila Faharasa

Tanzania, kitabu chenye majina ya watu wanaoruhusiwa kupiga kura huitwa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Ukivuka mpaka wa Namanga ukaingia Kenya, kitu hichohicho huitwa sajili ya wapiga kura, au rejista. Kwa lugha ya kila siku zote ni orodha za majina, na mtu akisema orodha ataeleweka. Hata hivyo watu wa sheria na wa uchaguzi walitaka neno zito zaidi, na naamini walifanya vyema. Orodha huandikwa na yeyote, popote, hata nyuma ya bahasha. Daftari lina mwenyewe. Hufunguliwa kwa amri, huandikwa na mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo, hurekebishwa kwa utaratibu unaojulikana, na likizusha ubishi hupelekwa mbele ya hakimu. Jina lako likisahauliwa kwenye orodha ya waalikwa wa harusi, utanuna kidogo na mambo yatapita. Likikosekana kwenye daftari la wapiga kura, umenyimwa haki.

Kenya iliujua uzito huo kwa machungu. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilichunguza uchaguzi ule, na katika ripoti yake ya mwaka 2008 ikaonyesha kwamba sajili yenyewe ilikuwa mbovu: ilikadiriwa kuwa majina ya watu wapatao milioni 1.2 waliokwisha kufariki yalikuwa bado yamo. Majina ya marehemu katika orodha ya ukoo ni heshima kwao. Katika sajili ya kura, kila jina la namna hiyo ni nafasi kwa mtu mwingine kupiga kura isiyo yake.

Na kuna madhara makubwa zaidi, pale daftari linapokosekana kabisa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, kama zile za Nairobi na Mombasa, ina maandishi yanayowasifu askari na wapagazi wa Kiafrika na kuahidi kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Majina yenyewe hayamo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Tazama upana wa makadirio hayo. Kati ya idadi ya chini na ya juu kuna watu 234,000 ambao hakuna awezaye kusema kwa hakika kama walikuwapo au hawakuwapo katika hesabu ya wafu. Hilo ndilo pengo linaloachwa na rejista ambayo haikuandikwa ipasavyo, au iliyoandikwa kisha ikaachwa ipotee kwa sababu waliokuwa na madaraka hawakuona kwamba majina hayo yangehitajiwa siku moja.

Kwa hiyo ninapouliza tofauti ya orodha na daftari, ya jedwali na faharasa, ya kamusi na katalogi, ninauliza kila moja ina wajibu gani, na kwa nani. Njia iliyo wazi kuliko zote ya kuzitofautisha ni kuangalia nani atakayekuja kutafuta kitu ndani yake.

Chukua daftari la madeni la duka la mtaani. Kurasa hazifuati alfabeti. Kila mteja ana ukurasa wake, na juu ya ukurasa limeandikwa jina ambalo halimo katika kitambulisho chochote: Mama Pacha, Fundi wa Geti Jekundu, Babu wa Kisimani. Chini yake: sukari nusu, unga kilo 2, mafuta ya kupima, sabuni kipande, dawa ya mbu. Kilicholipwa kimechorwa mstari juu yake. Kilicholipwa nusu kimewekewa alama ambayo ni mwenye duka peke yake aijuaye. Yeye hatafuti jina. Kidole chake huenda moja kwa moja penye ukurasa, kwa kuwa mpangilio wote uko kichwani mwake. Kwa msomaji huyo mmoja, daftari lile limekamilika na halina kasoro. Lakini siku mwenye duka akifariki, warithi watalishika mikononi na hawatajua wamdai nani.

Vingine vya aina hii havihitaji maelezo marefu. Ratiba hupanga kwa saa, kalenda kwa siku, leja kwa hesabu, menyu kwa sahani na bei. Jedwali lina fadhila yake ya pekee: ukilisoma kwa mlalo unapata habari za mtu mmoja, ukilisoma kwa wima unapata jambo moja kwa watu wote, na ndiyo maana takwimu hazina makao bora kuliko hayo. Nasaba nayo ina sharti ambalo orodha nyingine hazina: jina haliwezi kuhamishwa. Katika shajara za nasaba zinazotunzwa na koo za masharifu wa pwani, kila mtu anasimama mahali pake kwa sababu ya aliye juu yake, na ukiondoa mmoja katikati umekata mnyororo wote.

Orodha za watawala zinafanana na nasaba, ila hizo inabidi kuzisoma kwa uangalifu zaidi. Habari za Pate, zilizosimuliwa na watu wa ukoo wa Nabhany na kuandikwa katika matoleo kadhaa, zinawapanga masultani wa Pate mmoja baada ya mwingine pamoja na miaka yao, tangu karne ya 13 ya Miladia. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na sehemu nyingine za pwani, alizipinga tarehe zile za mwanzo katika makala ya mwaka 1969, na tangu hapo wanahistoria hawajazichukulia kama zilivyo. Sidhani aliyesimulia alikuwa na nia ya kudanganya. Orodha ya wafalme hutungwa ili kuthibitisha haki ya kutawala, na kazi hiyo inaitimiza. Atakayeitumia kama kalenda ndiye anayeitaka ifanye kazi ambayo haikutungiwa.

Sasa nije kwenye orodha zinazoandikwa kwa ajili ya mgeni, yaani mtu ambaye mwandishi hamjui wala hatakutana naye. Kamusi ndiyo ya kwanza, na ndiyo tuliyoifanyia kazi kuliko zote. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, alitoa mwaka 1935 kamusi inayoeleza Kiswahili kwa Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. BAKIZA, Zanzibar, wakatoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na BAKITA wakatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Methali zina kamusi zake, misemo ina zake, visawe vina yake, istilahi za fasihi zina yake. Kwa kamusi, hatuna njaa.

Lakini kamusi hizo zimetufunza jambo kuhusu kupanga maneno ambalo hatujalitumia kwingineko. Katika kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1939, maneno mengi yaliyotokana na kitenzi yaliwekwa chini ya kitenzi hicho. Anayemtafuta mpishi alipaswa kwenda kwenye pika, na hapo angemkuta mpishi, mapishi na upishi wote pamoja, kama ndugu wa nyumba moja. Kwa mwanaisimu mpango huo ni mzuri mno, maana unaonyesha jinsi lugha inavyozaa maneno. Kwa mwanafunzi wa darasa la tano ni mlango uliofungwa: asiyejua kwamba mpishi ametoka kwenye pika hawezi kumfikia. Kamusi ya mwaka 1981 ilimweka mpishi chini ya M, pale msomaji anapotazamia kumkuta. Undugu wa maneno ukafichika, na msomaji akafunguliwa mlango. Mimi nakubaliana na uamuzi huo, ila nataka ionekane wazi kwamba ulikuwa uamuzi. Alfabeti haikujipanga yenyewe.

Neno lenyewe, kamusi, tumelipata kwa njia ya kitabu kimoja mashuhuri. Al-Firuzabadi, mwanachuoni aliyezaliwa Uajemi na kufia Zabid, Yemen, mwanzoni mwa karne ya 15, aliipa kamusi yake ya Kiarabu jina lenye maana ya bahari inayozunguka dunia, na kitabu kikatumika sana hata jina lake likawa jina la vitabu vyote vya aina hiyo. Jambo lisilotajwa mara kwa mara ni mpangilio wake. Al-Firuzabadi alifuata desturi ya kupanga mizizi ya maneno kwa herufi ya mwisho, kisha ya kwanza. Mshairi aliyetaka kina aliyakuta maneno yanayoishia kwa herufi ile yamekusanyika mahali pamoja. Washairi wa Kiswahili, wenye kubeba vina vya kati na vya mwisho ubeti baada ya ubeti, wangefaidika na kamusi iliyopangwa kwa silabi ya mwisho kuliko watunzi wa lugha nyingi nyingine. Kwa kompyuta za leo, kuigeuza kamusi iliyopo iwe na mpangilio huo ni kazi ndogo.

Wazee wetu walijua pia namna ya kukusanya maneno bila alfabeti. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu alitunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa Leiden mwaka 1979, na ndani yake msamiati wa jahazi na wa waundaji wake umehifadhiwa kwa beti. Katika Umbuji wa Mnazi alifanya vivyo hivyo kwa mnazi na yote yatokanayo nao. Hizi ni kazi za marejeo kamili. Maneno yamepangwa kwa jinsi kitu kilivyo na kinavyofanyiwa kazi, na atakayeusikia utenzi wote atakuwa amejifunza neno pamoja na mahali pake katika chombo. Ila mtu aliyesikia neno foromali bandarini, asiyejua kama ni sehemu ya chini ya jahazi au ya juu, hana pa kuanzia. Atasoma beti zote au atakata tamaa. Huyo ndiye anayehitaji faharasa.

Faharasa haielezi kitu. Inaonyesha kilipo. Kwa maana hiyo ni mtumishi wa kazi nyingine zote, na labda ndiyo sababu imedharauliwa. Lakini aliyewahi kuipa hadhi yake alikuwa muuza vitabu wa Baghdad, Ibn al-Nadim, ambaye mwaka 377 wa Hijria, sawa na 987 au 988 wa Miladia, aliandika Kitab al-Fihrist, orodha ya vitabu vya Kiarabu vilivyojulikana zama zake na ya waandishi wao. Vingi kati ya vitabu alivyovitaja vimepotea. Baghdad yenyewe ilitekwa na Wamongolia mwaka 1258 na maktaba zake zikaharibiwa. Tunajua kwamba vitabu vile viliandikwa, na nani aliviandika, kwa sababu mtu mmoja wa biashara ya vitabu alichukua taabu ya kuviorodhesha kwa mpangilio.

Kwetu neno faharasa limebebeshwa mizigo mitatu. Baadhi ya vitabu huliweka mbele, mahali pa yaliyomo. Riwaya na tamthilia za shule huliweka nyuma, juu ya orodha ya maneno magumu na maana zake. Na wachache hulitumia kwa orodha ya mada na majina pamoja na kurasa zinamopatikana. Mwanafunzi anayeambiwa na mwalimu wake aangalie faharasa hajui afungue mbele au nyuma, wala ategemee kukuta nini. Vurugu hii haina sababu, kwa kuwa maneno tunayo. Orodha ya sura ni yaliyomo. Orodha ya maneno magumu ni sherehe, neno ambalo wachapishaji wa diwani wamelitumia miaka mingi na ambalo maana yake ya asili ni ufafanuzi. Vitabu vilivyorejelewa ni marejeo au bibliografia. Tukiyaacha hayo yafanye kazi zake, faharasa itabaki na kazi yake moja, na itakuwa rahisi kwa msomaji kuuliza kwa nini haipo.

Maana mara nyingi haipo. Fungua vitabu vya taaluma vilivyoandikwa kwa Kiswahili, vya historia, isimu, siasa, dini au kilimo, na utakuta vingi vinaishia kwenye marejeo. Sababu zinaeleweka. Faharasa hutengenezwa mwisho kabisa, baada ya kurasa kupata nambari zake za kudumu, wakati ambapo mwandishi amechoka, mhariri ana kitabu kingine mezani na mpiga chapa anasubiri. Inaongeza kurasa, na kurasa ni pesa. Soko kubwa la vitabu vyetu ni la shule, na mtihani haumwulizi mwanafunzi jinsi ya kutafuta. Zote hizi ni sababu za kweli. Hakuna hata moja inayomsaidia mtafiti mwenye kitabu cha kurasa 400 mkononi anayetaka kujua mwandishi amesema nini kuhusu mkonge.

Siku hizi jibu linalotolewa ni kompyuta. Andika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, mashine italipata. Kwa lugha isiyobadilisha mwanzo wa maneno yake, huenda hilo likatosha kwa kiasi. Kwa Kiswahili halitoshi. Fungua kitabu cha kidijitali kuhusu vijiji vya ujamaa na utafute mkulima. Utampata mkulima. Hutapata wakulima, hutapata kilimo, wala hutapata sentensi isemayo kuwa wanakijiji walilima ekari moja kila kaya. Ukijaribu werevu ukaandika lima peke yake, mashine itakuletea kulima na wakulima, lakini pamoja nao italeta kila alimaliza na kila alimaanisha, kila mlima na kila kilima, na Kilimanjaro nzima. Kilimo bado hakitakuwamo, kwa sababu kimeishia na o. Muundo wa lugha yetu, unaobeba mtenda, wakati na mtendwa mbele ya mzizi, unaidai faharasa iliyotengenezwa na mtu kuliko lugha nyingi ambazo tayari zinazo.

Na mtu huyo atahitaji kanuni ambazo hawezi kuzichukua kutoka kwenye mwongozo wa Kiingereza. Tuseme anatengeneza faharasa ya kitabu kuhusu nyanda za juu kusini. Kuna Mhehe, Wahehe, Kihehe na Uhehe: mtu, watu, lugha na nchi, mada moja iliyotawanyika kwenye M, W, K na U. Mwingereza hukata viambishi na kuandika Hehe. Kwetu hakuna atafutaye hivyo. Ningeweka mada kuu chini ya Wahehe, kwa kuwa kitabu kinahusu watu, kisha niweke "Uhehe" na kurasa zake zihusuzo ardhi na mipaka, na "Kihehe" iseme "tazama Wahehe, lugha ya". Vitenzi navyo vina hatari yake. Ukiingiza kulima, kuvuna, kupalilia na kuuza kama vilivyo, nusu ya faharasa itarundikana chini ya K. Afadhali kilimo, mavuno, palizi na biashara, nomino ambazo msomaji angezifikiria mwenyewe. Hata hivyo U itanenepa, na hapo hakuna dawa: uhuru, ukoloni, ujamaa, utumwa, uchumi, utawala na ushirika vyote ni vya U, na historia yetu ndiyo iliyovifanya viwe vingi.

Majina ya watu ndiyo yanayoonyesha zaidi kwa nini kazi hii inahitaji mwenyeji. Shaaban Robert yuko wapi? Katika marejeo ya vitabu na tasnifu utamkuta mara chini ya R, "Robert, S.", mara chini ya S. Robert lilikuwa jina la baba yake. Si jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Kumweka chini ya R ni kumpa baba vitabu vya mwana. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, awe chini ya M ya Mwana au K ya Kupona? Mwana ni neno la heshima, lakini hakuna mtu wa Lamu au Mombasa amtajaye bila hilo, kwa hiyo kwangu atakaa chini ya Mwana. Tippu Tip ni lakabu; jina lake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Msomaji wa kawaida atatafuta T, msomaji wa nyaraka za Zanzibar atatafuta H, na faharasa nzuri itawapokea wote wawili kwa neno moja dogo, tazama. Na Muyaka bin Haji atakaa chini ya Muyaka, maana hakuna aliyemwita bwana bin Haji. Kanuni ninayoipendekeza ni nyepesi: mtu awekwe chini ya jina ambalo watu wake walimwita kwalo, na majina mengine yote yaelekeze hapo.

Katalogi na bibliografia zinatufikisha kwenye jambo linaloniuma zaidi. Miswada ya Kiswahili na Kiarabu ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliorodheshwa na J. W. T. Allen, na katalogi yake ikachapishwa Leiden mwaka 1970, kwa Kiingereza. Ile ya Ernst Dammann, kuhusu miswada ya Kiswahili iliyoko Ujerumani, ilitoka mwaka 1993 kwa Kijerumani. Bibliografia ya isimu ya Kiswahili ya Marcel van Spaandonck, inayohusu miaka 1850 hadi 1963, ilitoka Leiden mwaka 1965. Nawashukuru wote hao. Bila kazi yao hata hicho tunachokijua tusingekijua, na Allen hasa alitumia miaka mingi akikusanya tendi ambazo zingeliwa na mchwa. Lakini mjukuu wa mtunzi, akiwa Siyu au Tanga, anayetaka kujua kama utendi wa babu yake umehifadhiwa na uko kwenye rafu ipi, analazimika kujua Kiingereza au Kijerumani ili asome orodha ya maandishi ya lugha yake mwenyewe. Hali hiyo imedumu zaidi ya nusu karne, na kuibadilisha hakuhitaji uvumbuzi wowote. Kunahitaji watu wa kuitafsiri na kuiendeleza katalogi ya Allen, waliokaa mbele ya miswada yenyewe.

Kuna pa kuanzia. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika kwa Kiswahili sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Ndani yake mna vyakula, nguo, maradhi, ngoma, mahari, adhabu, majina ya vyombo na ya pepo, habari ambazo watafiti wa fani kumi wangezitumia. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, chini ya msimamizi anayeijua pwani, anaweza kukitengenezea faharasa ya Kiswahili kwa mwaka mmoja. Idara za Kiswahili na za ukutubi zikiikubali kazi ya namna hiyo kuwa tasnifu halali, kila mwaka kitabu kimoja cha zamani kitafunguka kwa watu ambao leo wanakipita.

Wachapishaji nao waiweke faharasa katika mkataba tangu mwanzo, kwa gharama inayojulikana, kama wanavyoweka jalada. BAKITA na BAKIZA, wanaotusanifia istilahi, wakae na wakutubi watoe mwongozo mfupi wa kupanga majina na mada kwa Kiswahili, ili kila mhariri asianze upya na maswali ya Wahehe na Shaaban Robert. Na wewe msomaji, ukinunua kitabu cha taaluma cha Kiswahili, geuza kurasa za mwisho kabla hujalipa. Ukikuta hakina faharasa, mwandikie mchapishaji umwambie kwamba umeitafuta na hukuiona.